Umri wa Agave: Mjadala Juu ya Tekila na Mapipa Yaliyokwisha Kubeba Wiski

Agave ni jamii ya mimea yenye majani marefu, manene na yenye miiba, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu vema kupitia ndugu yake mmoja, mkonge, uliopelekwa Tanganyika mwaka 1893, enzi za Wajerumani, na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf kutoka Florida, ingawa asili yake ni rasi ya Yucatán nchini Meksiko. Mkonge ulipandwa kwa ajili ya nyuzi zake, lakini Meksiko yenyewe ina aina nyingine za agave ambazo hazitafutiwi jani bali moyo, yaani shina nene lililojificha katikati ya majani, ambalo likipikwa hutoa utamu, utamu huo ukichachushwa hutoa kileo, na kileo kikikenekwa, maana yake kikichemshwa ili mvuke wake upozwe na kukusanywa kuwa kimiminika kikali zaidi, hutoa vinywaji vinavyojulikana duniani kwa majina ya tekila na meskali. Kati ya agave zote, tekila hutumia ile ya buluu pekee, na hutengenezwa ndani ya eneo lililoanza kuwekewa mipaka ya kisheria mwaka 1974, ambalo sasa ni jimbo zima la Jalisco pamoja na sehemu za Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Meskali, iliyopata ulinzi wa namna hiyo miaka 20 baadaye, hukubali aina nyingi za agave, na kitovu chake ni jimbo la Oaxaca.

Kinywaji cha tekila kinapotoka katika mtambo wa kukenekea huwa hakina rangi, na kinaweza kutiwa chupani hivyo hivyo kikaitwa blanco, au kikawekwa kwanza katika chombo cha mbao za mwaloni. Kanuni ya tekila inayapanga madaraja ya utunzaji huo kwa muda: reposado hukaa katika mwaloni kwa miezi 2 angalau, añejo kwa mwaka 1 angalau katika pipa lisilozidi lita 600, na extra añejo, daraja lililoongezwa mwaka 2006, kwa miaka 3 angalau katika pipa la ujazo huo huo. Kanuni inataja mti, inataja muda na, kwa madaraja mawili ya juu, inataja ujazo, lakini haitofautishi pipa jipya na pipa kuukuu. Na kwa kuwa mapipa kuukuu yaliyo mengi na rahisi kupatikana ni yale yaliyokwisha kubeba wiski ya Marekani, viwanda vingi vya Jalisco huyatumia hayo. Kinachobishaniwa ni kama pipa lililokwisha kunywa wiski lina haki ya kuupokea mkeneko wa agave, na kama linayo, ni kwa muda gani na kwa masharti yapi.

Hoja zimegawiwa sauti tatu: Mtetezi wa Pipa, anayeona katika mwaloni ukamilifu wa kazi, Mtetezi wa Mmea, anayehofu kwamba mwaloni unaifunika agave, na Mkemia, ambaye kazi yake ni kueleza kinachotokea ndani ya mbao. Sauti hizo si watu fulani bali ni misimamo inayosikika popote vinywaji hivi vinapojadiliwa kwa uzito. Msomaji asiyegusa kileo hatapungukiwa kitu, kwa sababu kinachobishaniwa kinagusa kila zao linalobeba jina la mahali lilikotoka.

MTETEZI WA PIPA: Pipa la wiski halikufika Jalisco kwa sababu mtu alitaka kuigeuza tekila kuwa wiski, bali lilifika kwa sababu ya sheria ya nchi jirani. Kanuni za Marekani zilizowekwa katika miaka ya 1930 zinataka burboni, yaani wiski ambayo asilimia 51 angalau ya nafaka yake ni mahindi, itunzwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani kwa moto hadi kikafanya makaa. Kwa masharti hayo, kila pipa la lita 200 hivi likishatoa burboni mara moja halina kazi tena kwa burboni, ilhali mbao zake ni nzima na zinaweza kutumika kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana mapipa hayo husafirishwa kwenda Uskoti, Ayalandi, visiwa vya Karibi na Meksiko. Mwaloni mweupe huchukua zaidi ya nusu karne kufikia unene wa kutoa mbao za pipa, na kuutupa baada ya matumizi ya mara moja ni ubadhirifu. Isitoshe, ukenekaji wenyewe ulivuka bahari: watafiti wengi wanakubali kwamba watu wa Ufilipino, waliofika na merikebu za Manila zilizotia nanga Acapulco tangu karne ya 16, walikeneka tembo la mnazi huko Colima, na vyombo vyao vikaigwa na wapika agave wa magharibi ya Meksiko, kabla na sambamba na mitambo ya shaba iliyoletwa na Wahispania. Kinywaji ambacho zana zake nyingi ziliwahi kuwa ngeni hakiwezi kulikataa pipa kwa sababu ya ugeni.

MTETEZI WA MMEA: Ndugu Mtetezi wa Pipa anajibu swali ambalo halikuulizwa, kwani shida si ugeni, ni umri. Shayiri inayotengenezewa wiski ya Uskoti hupandwa na kuvunwa ndani ya mwaka mmoja, na mahindi ya burboni huvunwa baada ya miezi michache tu. Hata mzabibu, ambao huishi miongo mingi, matunda yake ni ya mwaka mmoja. Mkenekaji wa nafaka anaanza na kitu kichanga, na ni haki yake kulitegemea pipa limpe umri ambao shamba halikumpa. Agave ya buluu hukaa ardhini miaka 6, 7, hata 8 kabla ya kuvunwa, na ile ya milimani inayoitwa tepeztate huweza kukaribia miaka 25. Katika muda wote huo mmea hukusanya moyoni mwake fruktani, yaani minyororo ya sukari ambayo haina utamu mpaka ipikwe, ukijiandaa kutoa mhimili mmoja wa maua, kwa sababu agave huchanua mara moja tu katika uhai wake kisha ikafa. Mkulima huukata mhimili huo ungali mchanga ili akiba ile isiishie kwenye maua. Siku ya mavuno huja jimador, yaani mvunaji stadi, akiwa na koa, chuma bapa chenye makali kilichotiwa kwenye mpini mrefu, akayaparua majani moja baada ya jingine karibu na shina mpaka moyo ukabaki wazi, mzito wa makumi ya kilo, na kama kilo 7 zake ndizo zitakazotoa lita moja ya tekila. Mmea uliochukua miaka 7 huishia hapo, haurudi tena. Mtu anayeuliza kinywaji hicho kina umri gani, kisha akahesabu miezi ya ghalani peke yake, ameifuta miaka ya shambani kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Hoja hii ni nzito kuliko nyingine zote zitakazosikika katika mjadala huu. Madaraja ya reposado, añejo na extra añejo yanamfundisha mnunuzi kwamba thamani hupanda kadiri miaka ya pipani inavyoongezeka, na bei hufuata ngazi hiyo hiyo. Lakini ngazi hiyo imejengwa kwa mantiki ya vinywaji vya nafaka, ambamo miaka ya pipani ndiyo miaka pekee iliyopo. Ikihamishiwa kwa agave bila kufikiriwa upya, inamlipa mwenye ghala kwa subira yake na kumnyima mkulima malipo ya subira iliyo ndefu mara mbili au tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kilo moja ya agave ya buluu iliuzwa kwa zaidi ya peso 30, na kufikia mwaka 2024 bei ilikuwa imeanguka hadi chini ya peso 10, kwa sababu waliopanda wakati wa bei nzuri walivuna wote kwa pamoja. Mkulima aliyengoja miaka 7 hakuwa na namna ya kuitangaza miaka hiyo kama sifa ya bidhaa yake. Kwenye mizani, moyo wa mmea uliokomaa huuzwa kwa kilo kama ulivyo moyo wa mmea uliovunwa kabla ya wakati.

MTETEZI WA PIPA: Dhuluma hiyo ni ya soko, haikuletwa na mwaloni. Mkeneko mpya una ukali unaochoma, na kupumzika katika mbao hulainisha ukali huo. Wanunuzi nao wamelipokea jambo hili kwa hiari yao. Mwaka 2022 mapato ya tekila na meskali katika soko la Marekani yaliyapita yale ya wiski zinazotengenezwa Marekani kwenyewe, na sehemu ya waliovutwa ni watu waliozoea wiski, ambao reposado na añejo ziliwapa mlango wa kuingilia.

Mtetezi wa Mmea hakatai kwamba mlango huo upo, ila anauliza kama aliyepitia hapo hufika kweli kwenye agave au huishia barazani. Kabla ya kulijibu swali hilo ni lazima ifahamike mbao zinafanya nini, maana watu wengi huzungumzia pipa kana kwamba ni kitu kimoja, na kosa hilo limeharibu mabishano mengi.

MKEMIA: Ubao wa pipa la burboni ukikatwa kwa msumeno kwa upande, unaonyesha matabaka yanayoonekana kwa macho. Ndani kabisa kuna makaa meusi yaliyopasukapasuka, yenye unene wa milimita chache. Nyuma yake uko mstari wa rangi nyekundu ya kahawia, mahali ambapo moto uligeuza sukari za mbao bila kuzifanya makaa. Nyuma zaidi iko alama ya unyevu inayoonyesha wiski ilipenya mpaka wapi. Na mwisho ni mbao kavu ambazo hazikuguswa. Kimiminika kikikaa humo, mambo matatu hutokea kwa wakati mmoja. La kwanza ni kutoa: kileo na maji huchota kutoka katika lignini, yaani kigandishi kinachoshikamanisha nyuzi za mbao, kampaundi inayoitwa vanilini, ambayo ndiyo roho ya harufu ya vanila, na huchota pia laktoni, ambazo hunukia kama nazi, tanini, ambazo hukausha ulimi, na sukari zilizoungua, ambazo huleta rangi na harufu ya karameli. La pili ni kuondoa: makaa hunasa baadhi ya kampaundi zenye salfa zinazotoa harufu mbaya. La tatu ni kubadilisha: hewa hupenya polepole, oksijeni ikaungana na sehemu za kileo, na asidi zikaungana na alkoholi kufanya esta, ambazo ni kampaundi zenye harufu za matunda.

MKEMIA (akiendelea): Pipa jipya na pipa kuukuu hutofautiana hasa katika jambo la kwanza. Wiski ya kwanza ikishakaa miaka 4 au zaidi huwa imechota sehemu kubwa ya vanilini na laktoni zilizokuwa tayari kutoka, kiasi kwamba kinywaji kinachofuata hupata kidogo zaidi, na cha tatu kidogo tena, lakini lile jambo la tatu, kazi ya hewa na muda, huendelea karibu kama kawaida. Hata hivyo pipa kuukuu si chombo kitupu, kwa maana lita kadhaa za wiski hubaki zimenywewa na mbao hata baada ya pipa kumiminwa, na lita hizo hutoka taratibu na kuchanganyika na kinachotiwa baadaye.

Ufafanuzi huu unabadilisha sura ya mjadala, na Mtetezi wa Pipa hachelewi kuutumia.

MTETEZI WA PIPA: Kwa maelezo hayo, ndugu Mtetezi wa Mmea, anayestahili kuogopwa ni pipa jipya, kwa kuwa ndilo linalomwaga vanila na nazi kwa nguvu zote, ilhali pipa lililochoka baada ya kubeba burboni ndilo lenye adabu, linaloiachia agave nafasi ya kusema huku likiipa pumzi ya hewa inayohitaji. Mtu anayelitetea shamba angepaswa kuwa wa kwanza kulitetea pipa kuukuu.

Hapa Mtetezi wa Pipa anasema kweli, na upande wa pili ungefanya vema kukiri hivyo bila kusitasita. Wapo wapenzi wa agave wanaolaani pipa la wiski kwa jina lake tu, huku wakisifu chapa nyingine kwa kutumia mwaloni mpya wa Ufaransa, na ukichunguza kilichomo chupani utakuta mwaloni mpya ndio ulioziba harufu za mmea. Agave ina harufu zake zisizovumilia kelele: ina kampaundi zinazoitwa terpeni, zenye harufu za maua na ndimu, na zile zinazozaliwa wakati wa kupikwa, zenye utamu mzito wa mmea uliookwa. Mwaka 1996 watafiti Benn na Peppard walitambua katika tekila kampaundi zaidi ya 175, wakachagua 5 zilizoonekana kuwa na nguvu kuliko nyingine kwenye pua, lakini walipozichanganya hawakuweza kuirudisha harufu ya tekila. Harufu hiyo, kwa maneno mengine, haikai katika kampaundi moja yenye sauti kubwa, inakaa katika uwiano wa nyingi zenye sauti ndogo, na kitu cha namna hiyo hupotea upesi chombo kinapoanza kupaza sauti.

MTETEZI WA MMEA: Pipa lililochoka na likakiri uchovu wake linakubalika, tena kwa miezi kuliko miaka. Lakini soko la sasa linafuata kinyume cha uchovu. Kampuni moja kubwa ya vinywaji ikimiliki kiwanda cha wiski na kiwanda cha tekila, huona faida ya kuuza wiski ndani ya tekila: pipa likiwa bado bichi kwa wiski hujazwa tekila, na jina la wiski hiyo huandikwa kwenye chupa kama kivutio. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pale tekila ya El Tesoro, inayotengenezwa La Alteña, kiwanda kilichoanzishwa na familia ya Camarena mwaka 1937 katika nyanda za juu za Arandas, ilipotolewa katika toleo lililokomazwa kwenye mapipa ya Laphroaig, wiski ya kisiwa cha Islay huko Uskoti, chapa zote mbili zikiwa chini ya mmiliki mmoja. Laphroaig hukausha kimea chake kwa moshi wa piti, yaani udongo wa mimea iliyooza na kugandamana katika maji kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa na kukaushwa ukawa kuni. Tekila ya La Alteña hupikwa katika tanuri za matofali kwa mvuke, pasipo moshi. Moshi unaosikika katika chupa hiyo basi haukutoka Jalisco.

MKEMIA: Kikemia moshi huo huletwa na fenoli, kampaundi ambazo zimo pia katika meskali, kwa kuwa agave ya meskali huokwa kwa siku kadhaa ndani ya shimo la ardhini lenye mawe yaliyopashwa moto kwa kuni. Mnywaji asiye na uzoefu anaweza kudhani tekila iliyotoka katika pipa la Islay ni meskali. Fenoli za piti na za kuni hazilingani kabisa, lakini zinakaribiana kiasi cha kupotosha.

MTETEZI WA PIPA: Hata hivyo yapo mapishi ambayo chombo ni sehemu halali ya ladha. Wakalenjin wa Bonde la Ufa nchini Kenya hutengeneza mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu ambacho ndani yake kumesuguliwa makaa ya vijiti vya mti maalumu, na hakuna Mkalenjin anayesema makaa hayo yanayafunika maziwa. Bila makaa si mursik. Kwa nini makaa ya mwaloni yawe na hatia pale ambapo makaa ya kibuyu yana heshima?

MTETEZI WA MMEA: Mfano ni mzuri, na unamgeukia aliyeutoa. Mti wa makaa ya mursik umechaguliwa na wenye maziwa wenyewe, kwa sababu ya maziwa hayo, katika nchi yao, na kila mama anayekiandaa kibuyu anajua kiasi cha kusugua. Hakuna aliyekipokea kibuyu kile kikiwa kimeshatumiwa na jirani kwa kinywaji kingine kikali, akaanza kuhesabu thamani ya maziwa yake kwa miaka yaliyokaa humo. Hata historia ya tekila haiungi mkono ulinganisho huu: familia ya Cuervo ilipata kibali cha mfalme wa Hispania cha kukeneka agave mwaka 1795, na kiwanda cha Herradura, kinachojitangaza kuwa cha kwanza kuuza reposado, kinaitaja tarehe ya mwaka 1974. Mapipa yalikuwapo kabla ya hapo kwa usafirishaji na hifadhi, lakini mpangilio wa madaraja unaoifanya miaka ya pipani kuwa kipimo cha ubora ni wa juzi.

Mursik inaonyesha kwamba chombo huwa sehemu ya kinywaji kinapoteuliwa kwa ajili ya kinywaji hicho, na kipimo hicho kinaweza kutumiwa kuyapima mapipa moja moja. Wapo wakenekaji wa Jalisco wanaotumia mapipa yale yale ya burboni kwa miaka mingi, wakayajaza tekila mara baada ya mara, hata wiski ya asili ikabaki kumbukumbu tu na mbao zikawa zimezoea agave. Hao wamelifanya pipa kuwa lao. Reposado nayo haina kikomo cha ujazo, na baadhi yake hupumzishwa katika matangi ya mbao yenye maelfu ya lita, ambamo eneo la mbao kwa kila lita ni dogo sana likilinganishwa na pipa la lita 200, hivyo mguso huwa mwepesi. Katika daraja la extra añejo hali ni nyingine. Ghala la Jalisco lina joto na ukavu kuliko ghala la Uskoti, ambako mvukizo hukadiriwa kuwa kama asilimia 2 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo mbao hufanya kazi haraka na kinywaji hupungua haraka. Miaka 3 au 5 katika hali hiyo ni mingi mno kwa kitu kilichokuja na harufu zake kutoka shambani. Nyingi za chupa hizo, zikionjwa bila kuonyeshwa jina, zingepita kuwa burboni au konyaki laini, na gharama ya mmea wa miaka 7 inakuwa imetumika kupata ladha ambayo mahindi ya miezi 5 yangeweza kuitoa.

Ushahidi kwamba soko lenyewe limechanganyikiwa ni aina inayoitwa cristalino, iliyoshamiri tangu miaka ya 2010. Hiyo ni tekila iliyokaa pipani, aghalabu kwa mwaka au zaidi, kisha ikachujwa kwa makaa maalumu mpaka rangi yote ya mwaloni ikaondoka na ikarudi kuwa angavu kama blanco. Makaa hayo hayachagui. Pamoja na rangi huondoa harufu, za mwaloni na za agave kwa pamoja, na mara nyingi kinachobaki huhitaji kutiwa utamu ili kiwe na mwili. Kanuni inaruhusu jambo hilo: tekila zilizokomazwa zinaweza kutiwa karameli, dondoo la mwaloni, gliserini na sharubati ya sukari kwa kiasi kisichozidi asilimia 1 ya uzito, wakati kanuni ya wiski ya Uskoti hairuhusu nyongeza yoyote zaidi ya maji na karameli ya rangi. Mtetezi wa Pipa mwenyewe hukaa kimya hapa, na anastahili kukaa kimya, kwa sababu dondoo la mwaloni likiweza kumiminwa kutoka kwenye kopo, madai yote juu ya subira ya ghalani hupoteza nguvu.

MTETEZI WA MMEA: Wenzetu wa meskali wameonyesha njia nyingine. Kanuni yao ya mwaka 2016 inatambua daraja la meskali iliyokomazwa katika kioo kwa zaidi ya miezi 12, chini ya ardhi au mahali ambapo mwanga, joto na unyevu havibadiliki sana. Kioo hakitoi chochote. Kinachofanya kazi ni muda peke yake, ukali ukapungua na harufu zikatulia. Kama hoja ya pipa ni mapumziko, mapumziko yanapatikana pasipo mwaloni.

MKEMIA: Yanapatikana kwa sehemu. Ndani ya kioo mkutano na oksijeni ni mdogo kuliko ndani ya pipa, kwa hiyo mabadiliko huenda pole zaidi na kwa mwelekeo tofauti kidogo. Anayetaka pumzi ya hewa bila sauti ya mbao atakaribia lengo lake kwa pipa lililojazwa mara tatu au nne kuliko kwa kioo au kwa pipa jipya.

Jambo ambalo pande zote mbili zingefaidika kulitazama limetokea Uskoti. Kanuni za huko zinataka wiski ibaki na rangi, ladha na harufu ya kijadi, na mwaka 2019 zilifanyiwa marekebisho ili kutaja wazi mapipa yaliyobeba vinywaji gani yanaweza kutumika, na yapi hayawezi. Kwa marekebisho hayo pipa lililobeba tekila au meskali sasa laweza kubeba wiski ya Uskoti, ila pipa lililobeba kileo cha matunda yenye kokwa, au kinywaji kilichotiwa matunda, viungo au utamu baada ya kuchachushwa au kukenekwa, halikubaliki. Waskoti, wenye kinywaji ambacho hakiwezi hata kuitwa wiski pasipo pipa, wameona haja ya kuuliza pipa lilibeba nini kabla yao. Meksiko, yenye kinywaji kisichohitaji pipa kabisa, imeridhika kutaja aina ya mti. Katika jambo hili wenye wiski wamekuwa makini kwa wiski yao kuliko wenye agave walivyokuwa makini kwa agave, na hilo linastahili kurekebishwa na watu wa Jalisco wenyewe kupitia Baraza la Udhibiti wa Tekila, lililoanzishwa mwaka 1994, kwa kuwa ndilo linalothibitisha kila chupa.

MTETEZI WA PIPA: Kutaja historia ya pipa hakuna ubaya. Mwenye pipa jema atafurahi kuandika lilibeba nini, limejazwa mara ngapi na tekila imekaa humo miezi mingapi. Atakayechukia ni yule anayetegemea kopo. Ila sharti liwe la haki kwa wote, maana kuandika umri wa pipani bila kuandika kitu kingine ndiko kulikoleta mgogoro huu.

MTETEZI WA MMEA: Basi chupa na iandikwe pia mwaka ambao agave ilipandwa. Reposado ya miezi 4 iliyotokana na mmea uliopandwa miaka 8 kabla ya mavuno ingejieleza yenyewe mbele ya extra añejo iliyotokana na mimea michanga, na mkulima aliyeuacha mmea wake ukomae angekuwa na kitu cha kudai bei yake.

MTETEZI WA PIPA: Wenye viwanda watasema kwamba kumbukumbu za namna hiyo ni mzigo.

MTETEZI WA MMEA: Mzigo huo wanaubeba tayari. Kanuni ya tekila inamtaka mkulima aandikishe shamba lake la agave kwa Baraza katika mwaka ule ule wa kupanda, na agave isiyoandikishwa haitambuliwi kutengenezewa tekila. Mwaka wa kupandwa kwa agave inayoingia tanurini umo katika daftari. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa kuutoa daftarini na kuuandika kwenye lebo, kando ya jina la pipa.